MFICHA UCHI HAZAI
Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani wetu, Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wetu wa dini, ndugu wageni waalikwa kutoka vikundi jirani, wanachama wenzangu, mabibi na mabwana.    

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima tukaifikia siku hii. Wapo wenzetu watatu tulioanza nao ambao leo hatunao. Naomba tusimame dakika moja tuwakumbuke.

Ahsanteni, tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi, historia ya kikundi imeshasomwa katika risala ya Katibu, na hesabu zote zimo humu kijitabuni, kwa hiyo sitazirudia. Nakumbusha tu kwamba tulianza mwaka 2015, wanawake 22 chini ya mwembe, kila mmoja na hisa yake ya shilingi 1,000, na sanduku la mbao lenye kufuli tatu. Leo tupo 41 na hisa ni shilingi 5,000. Walikuwepo waliosema kikundi kitakufa kabla ya msimu wa korosho kwisha. Misimu kumi imepita, na sanduku lile bado lipo, mnaliona pale mezani.

Kamati iliniambia niseme neno litakalowafaa wanachama na mabinti zao. Nimefikiri sana. Nimeona niseme juu ya mwanamke kulipwa kidogo kuliko mwanaume kwa kazi ile ile, na juu ya kwenda kudai haki hiyo kwa njia ya sheria. Elimu yangu mimi ni darasa la saba. Mambo ya sheria nitakayoyasema nilifundishwa na msaidizi wa kisheria aliyekuwa akija kwenye mikutano yetu, na Katibu ameyaandika vizuri. Mengine nimefundishwa na dunia.

Ndugu wanachama, wengi wenu mnajua kwamba kabla ya kikundi hiki nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha korosho huku huku kusini. Jina la kiwanda naliacha, kwa sababu kimeshafungwa na sikuja hapa kugombana na mtu. Nilianza kama mmenyaji. Mliomenya korosho mnajua, unakaa kutwa nzima, vidole vinauma, na malipo ni kwa kilo. Baadaye nikahamishiwa kwenye uchambuzi wa madaraja, halafu nikafanywa msimamizi. Tulikuwa wasimamizi sita, wanaume wanne na wanawake wawili. Kazi ilikuwa moja: kuita majina asubuhi, kupima, kuandika daftari, kuhakikisha korosho nzima hazichanganywi na zilizovunjika, na mzigo ukikataliwa unaulizwa wewe.

Mishahara ilikuja kwenye bahasha. Siku moja ya mwaka 2009 karani wetu alikuwa amekwenda mazishini, akagawa kijana mwingine asiyetujua vizuri. Nikapewa bahasha, nikaifungua bila ya kutazama jina. Kumbe ilikuwa ya mwenzangu wa kiume. Mwanzo nilifurahi, nikadhani nimeongezwa! Mimi nilikuwa napata shilingi 118,000 kwa mwezi. Ile karatasi ilisema 165,000. Nikatazama jina. Ni kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, tangu kushika mizani mpaka kujaza daftari.

Nikamrudishia bahasha yake, nikachukua yangu, nikanyamaza. Jioni nikachukua daftari la mwanangu nikapiga hesabu. Tofauti ni shilingi 47,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 564,000. Yule kijana alikuwa msimamizi kwa miaka minne. Kama tofauti ilikuwa hiyo hiyo miaka yote, basi ni 2,256,000. Jamani, nyumba yangu wakati ule ilikuwa ya makuti, nakinga maji ya mvua kwa sufuria. Bati zangu zilikuwa kwenye hesabu ile.

Nikamwambia yule msimamizi mwenzangu wa kike. Yeye ana moyo kuliko mimi. Kesho yake alikwenda ofisini kuuliza. Akajibiwa kwamba mshahara ni siri ya mtu na mwajiri wake, na kwamba wanaume wana familia za kulisha. Mwenzangu alikuwa mjane, ana watoto wanne. Akatoka pale akaniambia, "Shoga, twende Tume." Yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoshughulikia migogoro ya kazi. Akasema tukiwa wawili watatusikiliza.

Ndugu zangu, mimi nilimwambia angoje. Mwanangu wa tatu alikuwa anaingia kidato cha kwanza, ada ilikuwa haijatimia. Nikasema ngoja msimu uishe. Msimu ulipoisha yeye hakuitwa tena kazini, mimi nikaitwa. Alipopata nauli akaenda Tume peke yake, ilikuwa imepita miezi mingi. Akaambiwa amechelewa, siku zilizowekwa na sheria zimekwisha, labda aombe kuongezewa muda na alete sababu za maana, na akiwa na shahidi itamsaidia. Akaja nyumbani kwangu usiku kuniomba niwe shahidi wake. Nikamwambia nitafikiria. Nilifikiria mpaka leo. Sikwenda. Naye akaacha, akaanza kukaanga samaki.

Mwanamke huyo ni Mweka Hazina wetu. Jana jioni nilikwenda kumwomba ruhusa ya kulisema hili mbele yenu. Akaniambia, "Sema, limekaa mno." Mwaka 2015 nilipokwenda kumweleza wazo la kikundi, nilijua atanifukuza. Yeye akauliza tu, "Hisa shilingi ngapi?" Miaka kumi tunakaa meza moja, hajanisimanga hata siku moja.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa miaka mingi nilidhani jambo hili ni la sisi wajinga wa viwandani. Halafu yule msaidizi wa kisheria akatusimulia habari ya mama mmoja wa Marekani, nami nikamwomba aisimulie mara ya pili, maana niliona kama ananisema mimi.

Mama huyo aliitwa Lilly Ledbetter. Mwaka 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha matairi cha kampuni ya Goodyear, katika mji wa Gadsden, jimbo la Alabama. Alikuwa msimamizi, na karibu wasimamizi wenzake wote walikuwa wanaume. Kuulizana mishahara pale kulikatazwa. Alifanya kazi miaka 19. Mwaka 1998, akiwa karibu kustaafu, mtu asiyejulikana alimwachia kikaratasi chenye mshahara wake na mishahara ya wanaume wa cheo chake. Ilipofika mahakamani ikaonekana yeye alikuwa akilipwa dola 3,727 kwa mwezi. Wanaume wa cheo chake walikuwa 15. Aliyepata kidogo kabisa kati yao alipata dola 4,286, na aliyepata nyingi alipata 5,236.

Yeye hakungoja msimu uishe. Mwaka ule ule alipeleka malalamiko kwenye tume ya kwao, na mwaka uliofuata akafungua kesi. Mwaka 2003 baraza la wazee wa mahakama likampa ushindi na fidia ya zaidi ya dola milioni tatu, ambayo jaji aliipunguza mpaka dola 360,000 kwa kuwa sheria yao ina kiwango cha mwisho. Kampuni ikakata rufaa, ikashinda. Kesi ikafika Mahakama ya juu kabisa, na mwaka 2007 majaji watano wakawa upande wa kampuni, wanne wakawa upande wake. Sababu ni hii: alitakiwa alalamike ndani ya siku 180 tangu kampuni ilipoamua kumpangia mshahara mdogo. Sasa jamani, mtu atalalamikaje juu ya kitu alichofichwa? Jaji Ruth Bader Ginsburg, ambaye wakati ule alikuwa mwanamke peke yake katika mahakama ile, aliwapinga wenzake na akayasoma maoni yake kwa sauti mbele ya watu. Alieleza kwamba tofauti ya mishahara huja kidogo kidogo na kwa siri, na mtu huchukua muda mrefu kuijua. Akawataka wabunge warekebishe sheria.

Mama Lilly akaanza safari nyingine, ya kwenda kuwaeleza wabunge na wananchi. Tarehe 29 Januari 2009 Rais Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa mtu wa jirani hapa Kenya, alitia saini sheria iliyopewa jina la mama huyo. Ndiyo sheria ya kwanza aliyoitia saini baada ya kuapishwa. Inasema kila mshahara pungufu unapotolewa, siku za kulalamika zinaanza kuhesabiwa upya. Mume wa Mama Lilly alikuwa amefariki mwezi mmoja tu nyuma, hakuiona siku ile. Na yeye mwenyewe hakupata hata senti moja katika kesi yake. Waliofaidika ni wanawake waliokuja nyuma yake. Alifariki mwezi Oktoba 2024 akiwa na miaka 86.

Tazameni mwaka huo. Mwaka 2009 ndio yeye alisimama ikulu ya kwao akishuhudia sheria ikitiwa saini. Mwaka huo huo ndio mimi nilipewa bahasha isiyo yangu, nikanyamaza.

Wengine watasema, hayo ni ya Marekani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu sheria kwetu ipo, tena ilikuwepo siku ile ninakunja karatasi ya watu na kuirudisha. Katiba yetu, ibara ya 23, inasema kila mtu ana haki ya kupata ujira unaolingana na kazi yake bila ya ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza mwajiri kubagua kwa sababu ya jinsia, na inamtaka achukue hatua ili wanaume na wanawake walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sikilizeni hapo, inasema thamani sawa. Haisemi lazima iwe kazi ile ile. Na mfanyakazi akishaonyesha dalili za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kujitetea kwa ushahidi kwamba hakubagua. Mimi nilidhani kazi yote ya kuthibitisha ni ya mnyonge. Kumbe sivyo.

Lakini siku nazo zipo, na huku kwetu ni chache. Aliyeachishwa kazi bila ya haki ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume. Migogoro mingine ni siku 60. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ila uwe na sababu za msingi, na kuogopa hakuandikwi kwenye fomu. Ukifika kwa wakati unajaza fomu namba moja ya Tume, nakala unampa mwajiri. Kwanza mnakalishwa pamoja na msuluhishi ili mpatane. Mkishindwana ndipo mambo yanaendelea mbele. Si lazima uanze na wakili, na si lazima uanze na ugomvi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanachama wenzangu. Mimi tumbo langu linauma mwaka wa kumi na sita sasa.

Sasa nimejiuliza, ni kitu gani hasa kilichotushinda mimi na Mama Lilly? Uvivu si wetu, na kazi tuliijua. Kilichotushinda ni siri. Mtu anayekupunja anaihitaji siri kama mchawi anavyohitaji giza. Na sisi wanawake tunamsaidia, maana tumelelewa kuona aibu kutaja pesa. Ukimwuliza mwenzako unapata kiasi gani, utaambiwa una wivu. Wazee walisema mficha uchi hazai.

Hapa kikundini tumefanya nini? Kila mkutano Katibu anasoma kwa sauti: fulani hisa zake kadhaa, deni lake kadhaa, faini yake kadhaa. Mwanzoni kulikuwa na waliotaka kuondoka kwa aibu. Leo hakuna anayejali. Na kwa miaka kumi haijapotea hata shilingi mia, kwa sababu macho 82 yanatazama daftari moja.

Lakini tusijisifu sana. Nitawakumbusha jambo ambalo halimo kwenye risala. Mwaka 2021 tulipojenga stoo yetu, fundi alileta orodha ya vibarua. Wanaume waliobeba matofali shilingi 10,000 kwa siku. Wanawake waliochota maji na kubeba kokoto kichwani shilingi 6,000 kwa siku. Sisi wanawake watupu, mimi nikiwa mwenyekiti, tukaipitisha orodha ile na kugonga muhuri! Ni mpaka Katibu alipoisoma kwa sauti kwenye mkutano, ndipo Mweka Hazina akanyoosha mkono akauliza, "Hivi kokoto za mwanamke ni nyepesi?" Ukumbi mzima kimya. Mmoja akasema ndivyo ilivyo kila mahali. Ni kweli, ndivyo ilivyo kila mahali, na ilikuwa kwetu pia. Vibarua wale wa kike walikuwa wanne, walifanya kazi siku tisa. Tukawaita tukawalipa tofauti yao, jumla shilingi 144,000. Mmoja wao leo ni mwanachama, amekaa pale nyuma anacheka.

Nalisema hili kwa sababu aliyepunja kokoto hakuwa mwanaume mwenye kiwanda. Tulikuwa sisi. Kwa hiyo tunapodai kwa wengine, tuanze pia kuwatazama wasichana wanaotusaidia majumbani na wale tunaowapa kibarua cha kupalilia mikorosho.

Ndugu wanachama, nina maombi matatu, na nitaomba yapigiwe kura kwenye mkutano wa Jumamosi.

La kwanza, tutenge sehemu ya mfuko wa jamii kwa ajili ya nauli na kutoa nakala za karatasi, kwa mwanachama au binti wa mwanachama anayekwenda kudai haki ya malipo yake. Tunachanga kwenye msiba na kwenye uzazi. Tuchange na kwenye haki. Mwenzetu alichelewa Tume kwa kukosa nauli.

La pili, mtu asiende peke yake. Akienda mmoja, wawili wamsindikize. Kama anatakiwa shahidi na shahidi anaogopa, tukamkalishe, tumsikilize hofu yake, tumsaidie. Mimi sikukosa imani. Nilikosa mtu wa kuniambia kwamba ada ya mtoto tutaichanga pamoja. Wakati ule hatukuwa na kikundi. Leo tunacho, kisingizio hicho hakipo.

La tatu, tuwafundishe mabinti. Binti akiajiriwa apate mkataba wa maandishi na ausome kabla ya kutia saini. Ahifadhi hati ya mshahara ya kila mwezi, hata kama ni kikaratasi. Aandike tarehe aliyoanza kazi, cheo chake, na siku alipogundua kwamba anapunjwa, kwa sababu siku zinahesabiwa. Na azoee kuuliza. Asiwe kama mimi niliyeijua haki yangu kwa kosa la kijana aliyekosea bahasha.

Kwa vijana wa kiume waliopo hapa, msinielewe vibaya. Yule kijana niliyemfundisha kazi hakuniibia. Alilipwa mshahara wake halali. Sikutaka wake upunguzwe, nilitaka wangu ufike pale. Na mama yako akilipwa sawasawa, wa kwanza kushiba ni wewe.

Ndugu Mgeni Rasmi, karibu namaliza. Naomba sasa Mweka Hazina asimame, asione haya.

Dada yangu, mwaka 2009 ulikuja kwangu usiku ukaniomba neno moja tu, niseme nilichokiona kwenye karatasi. Nalisema leo, mbele ya Diwani, mbele ya masheikh na wachungaji, mbele ya watoto wetu. Niliona. Ilikuwa 165,000 na sisi tulikuwa na 118,000. Ulikuwa unasema kweli. Limechelewa, halitakurudishia pesa, na Tume haitalipokea. Lakini naomba liingie kwenye kijitabu hiki, ili wajukuu zako wasome kwamba bibi yao hakuwa mgomvi. Alikuwa na haki. Naomba unisamehe.

Kwa hayo machache, nawashukuru waliojitolea mchele na mbuzi, nawashukuru waume zetu waliobaki na watoto ili sisi tukae mikutanoni, na namshukuru Mgeni Rasmi kwa kukubali kuketi juani na sisi. Chakula kiko tayari, tusiondoke.

Umoja wetu udumu.